Nilichokwangua

Miaka kumi na tisa nasugua kuta za mji,
brashi ya waya mkono huu, ndoo ya chokaa mkono huu.
Mabaka ya kijivu, ya rangi ya kiini cha yai,
mengine kijani kama shilingi iliyozama kisimani.
Mimi nikiyaita ukoga.
Wenye nyumba huyaita uchafu,
na uchafu wa watu ndio unga wangu.

Migombani, ukuta wa Bwana Suwedi.
Upande wa barabara, kazi ya dakika: masizi tu,
tambara na maji, basi.
Upande wa uani ndiko nilikokaza kiuno.
Nimekwishakwangua nusu
akatokea mwanamke na fremu ya waya,
vyumba ishirini na tano, mkono wake umejaa chaki.
"Fundi, hebu ngoja."

Mwalimu Mize. Anasomesha skuli ya jirani.
Akaibandika fremu ukutani, akahesabu kwa midomo
kama mtu anayevuta uradi.
"Hii ni kuvumwani," akasema.
"Kuvu na mwani, wameoana.
Kuvu kajenga nyumba, mwani anapika."

Mwani naujua.
Mama yangu kaufunga tai-tai Bwejuu
mpaka kucha zikamlegea.
Lakini mwani wa ukutani, usioonja chumvi?

"Hana mzizi," akasema Mwalimu Mize,
"hana mlango wa kufunga.
Hewa inayopita ndiyo anayokunywa.
Ikiharibika hapigi kelele,
anahama tu, na mahame yake
nyinyi mnayaita ukuta safi."

Akanifungulia daftari.
Mkungu wa Darajani, pale zinaponguruma gari: sufuri.
Mnazi wa Kariakoo: viwili, vyembamba kama ukucha wa mtoto.
Kianga, mashina yamevaa mpaka shingoni.
Mstari wa leo akauandika mbele yangu:
uani, kumi na saba.
Akatazama upande niliokwisha kuusugua,
kalamu ikasimama.
Hakunilaumu. Afadhali angenilaumu.

Maana nina Mwatima, miaka saba,
anayevuta dawa ya pumu
kwa chupa ya maji niliyoitoboa kitako mwenyewe.
Hospitali wameniuliza vumbi, wameniuliza paka,
wameniuliza godoro la sufi.
Hakuna aliyeniuliza kuhusu ukuta,
na mimi, mtu wa kuta,
ningejibu kwa fahari: kwangu ni msafi,
sijausugua hata mara moja.

Usiku ule, Mwembemakumbi, na tochi ya simu,
nimeupapasa ukuta wa dirisha lake
kama anayetafuta pete.
Nje, jenereta la muuza chipsi.
Nje, bodaboda zinasubiri abiria, injini ziko macho.
Hakuna. Hakuna. Hakuna.
Nikazunguka nyuma, kwenye tangi la maji,
chini ya mfereji unaovuja:
kimoja.
Kijivu, kidogo kuliko kitufe cha kanzu,
kimejikunja pembeni kama mgeni asiye na uhakika
kama kweli amekaribishwa.

Tukahamisha kitanda.
Mke wangu akauliza kwa nini upande wa tangi,
kwenye mbu. Nikasema, joto.
Chandarua nilikishona siku ya pili.

Bwana Suwedi kanikata elfu tano.
Nimemwachia baka moja uani, upana wa kiganja,
chokaa nimeizungusha pembeni
kama unavyozunguka mtu aliyelala.
"Fundi, umezeeka macho," akasema.
Nikamwambia, huenda.

Sasa kila Ijumaa, kabla ya kwenda kuswali,
nachukua rula ya Mwatima ya skuli, nakwenda nyuma.
Wiki ya kwanza, milimita tisa.
Wiki ya kumi, tisa.
Jana nikaona kama tisa na unywele,
au ni kivuli cha kidole changu.
Brashi ya waya iko juu ya kabati.
Mwatima amekohoa mara mbili tu tangu alfajiri.
Nahesabu kwa midomo.